Plagini ya Saa Nne

Probox nyeupe ililivaa tuta la barabarani bila kupunguza mwendo. Ikaruka, ikatua kwa kishindo, na magunia mawili ya miraa yakamwagika nyuma.

"Dereva gani huyu," Karwirwa alisema peke yake. "Hata kutoroka hajui."

Akakanyaga mafuta. Subaru Forester ikanguruma.

Ilikuwa saa tatu na dakika nane asubuhi, barabara ya Kianjai kwenda Meru, kina mama wako pembeni wakipanga nyanya zao. Karwirwa alikuwa jasusi wa Dawati la Saba, idara isiyo na kibao mlangoni wala jina kwenye karatasi yoyote ya serikali. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewakimbiza wauza bunduki, waghushi pasipoti na matapeli wa kila rangi, na hakuwahi kukutana na hata mmoja aliyestahili heshima yake.

Redio ilikwaruza.

"Mwiba, Mwiba. Hapa Embu." Huyo alikuwa Njue, mkuu wake, akimwita kwa jina lake la kazi.

"Sema, mkubwa."

"Umempata?"

"Nipe dakika mbili."

"Una moja."

Aliipita Probox kwenye kona, akaikatia mbele na kufunga breki. Probox ilikwepa, ikaingia mtaroni, ikalala kiubavu. Mlango ukafunguka. Kijana mmoja mwembamba akachoropoka, amekumbatia laptopu ya ThinkPad kifuani kama mtoto mchanga, akakata mbio kupitia shamba la viazi vitamu.

Karwirwa hakukimbia. Alimwangalia tu. Viatu vya ngozi vyenye ncha, suruali imebana, na shamba zima limejaa majani yanayotambaa. Hatua kumi na mbili, pu! Chini.

"Murungi," alisema akimfunga pingu. "Unakimbilia wapi na viatu vya kuendea harusi?"

Murungi alikuwa fundi wa kompyuta. Kichwa chake kilikuwa kizuri, shule ilikuwa imemlea vizuri, na bado akaenda kumuuzia Bundi akili yake. Bundi alikuwa mtoto wa wauza miraa wa Mikinduri ambaye aliona miraa haimtajirishi upesi, akaanza kupitisha bunduki chini ya magunia ya muguka, ile miraa ya majani. Ujanja wake ulimnyookea miaka mitatu. Kisha jioni moja, huko nyanda kavu za Mbeere, lori lake lilipakuliwa mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akitafuta mbuzi aliyepotea.

Bibi huyo aliitwa Ciakuthii. Aliona bunduki, akamwona Bundi uso kwa uso, akaenda kusema. Wanaume wazima wa eneo hilo, wenye ndevu zao, walikuwa wamejua na kunyamaza.

Sasa Dawati lilikuwa limemficha hadi siku ya kutoa ushahidi. Lakini figo za Ciakuthii zilikuwa zimechoka, Mbeere nzima ilijua, na mgonjwa wa figo hafichiki sawasawa. Lazima aende kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kliniki ya Nkubu kwa jina la kubandikwa, mipira miwili ya damu mkononi, na hangeweza kuondoka hapo kabla ya saa sita. Karwirwa ndiye aliyempeleka. Alimshika mkono kama mjukuu wake akamwambia, "Shosho, hakuna atakayekugusa." Hakuwa na kawaida ya kuahidi watu, na ahadi hiyo ilikuwa inamlemea.

"Plagini iko wapi?" alimuuliza Murungi.

"Sijui plagini gani."

Karwirwa alimshika kidole gumba, akakibandika kwenye ThinkPad. Ikafunguka.

"Ahsante kwa ushirikiano," alisema.

Kila kitu kilikuwa pale, hata aibu ya kuficha hakuwa nayo. Plagini ni kijiprogramu kinachochomekwa kwenye seva ili seva ijue kazi mpya, na huvutwa kutoka ghala, yaani kompyuta nyingine iliyo mbali inakohifadhiwa. Murungi alikuwa amejenga ghala lake mwenyewe. Ndani aliweka plagini moja, Risiti Fasta, inayochapisha risiti za wagonjwa upesi. Na kweli ilichapisha. Ila ndani ya tumbo lake ilikuwa na kazi ya pili: kutafuta kila mwanamke wa zaidi ya miaka sitini aliyeanza kusafishwa damu mwezi huu, kisha kutuma jina, kliniki na namba ya kitanda kwa simu ya Bundi.

"Imeshachomekwa?"

Murungi aliangalia viatu vyake.

"Imeshachomekwa?"

"Saa mbili asubuhi. Tausi Seva, mjini Meru." Kampuni hiyo ilihifadhi rekodi za kliniki kumi na mbili, kuanzia Kianjai hadi Embu. "Imelala. Itaamka seva ikiwashwa upya."

"Na inawashwa lini?"

"Saa nne kamili. Kila siku saa nne. Si watu wote wanaenda chai?"

Karwirwa alitazama saa yake. Alijua. Nani asiyejua? Saa nne ikigonga, hakuna ofisi kutoka Embu hadi Meru yenye mtu mezani. Hata moto ukiwaka utangoja mandazi yaishe. Kwa hiyo mafundi huwasha seva upya wakati huo, maana hakuna wa kulalamika.

"Mimi ni fundi tu, madam," Murungi alisema. "Nilijenga ghala. Waliyoagiza ni yao."

"Mchimba kaburi wa kukodiwa naye husema hivyo hivyo. Ingia garini."

Simu ya Murungi ikalia. Jina kwenye kioo: Mkubwa B.

Karwirwa alichomoa Glock 19, akaiweka taratibu juu ya goti lake. Hakuielekeza popote.

"Ongea kama kawaida," alisema.

"Hallo, mkubwa."

"Mzigo?" Sauti ya Bundi ilikuwa nzito, yenye kutafuna kitu.

"Uko ndani. Saa nne."

"Mimi niko Makutano hapa Meru, kwa petroli. Usinichezee, kijana."

"Siwezi, mkubwa."

Simu ikakatika. Murungi alikuwa analowa jasho kwenye baridi ya asubuhi.

"Yuko Makutano mwenyewe," Karwirwa alimwambia Njue redioni, gari likienda mbio. "Hakutuma watu."

"Zima hiyo seva, Mwiba. Yaishe."

"Nikiizima, ujumbe wa saa nne haumfikii, atajua. Na akijua, mashine za figo barabara hii ni ngapi? Atagonga mlango mmoja baada ya mwingine, na shosho amefungwa kwenye mipira. Una watu wangapi Nkubu?"

"Wawili."

"Basi tumpe kitanda kingine."

Njue aliuliza, "Kipi?"

"Ile kliniki mpya ya figo Kianjai. Kibao kiko, vitanda viko, mashine bado. Mwaka mzima inangoja mheshimiwa aje akate utepe."

"Na akimtuma mtu wa kuua badala ya kwenda yeye?"

"Mkubwa, huyo ni mtu wa miraa. Hanunui kibunda bila kukishika kwa mkono wake. Tena sura ya shosho anaijua yeye tu. Atakuja."

* * *

Tausi Seva ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Karwirwa alimwacha Murungi amefungwa garini, akapanda ngazi na ThinkPad kwapani. Saa tatu na dakika thelathini na moja.

Meneja aliitwa Mwenda. Shati jeupe, kadi ya kampuni shingoni, kikombe kimeoshwa tayari kwa chai.

"Madam, hapa haingii mtu bila barua," alisema.

Karwirwa alimwonyesha kitambulisho. Mwenda akakisoma mara mbili, akakaa.

"Risiti Fasta umeitoa wapi?"

"Kwa ghala."

"La nani?"

"Kuna grupu yetu ya WhatsApp, mafundi wa Meru na Embu. Mtu aliweka anwani, akasema hili ghala liko fasta kuliko lile rasmi. Tena halimalizi bando."

"Mtu nani?"

"Mtu wa grupu." Mwenda alikohoa. "Wengi waliweka kidole gumba."

Karwirwa alimtazama. Majambazi alikuwa amewazoea. Jambazi ana njaa, ana tamaa, unamwelewa. Lakini huyu! Ameaminiwa na wagonjwa wa kliniki kumi na mbili, na ameufungua mlango kwa sababu watu asiowajua wameweka vidole gumba.

"Wewe ni mzaliwa wa wapi?"

"Mikinduri."

"Nyanya yako hununua mbegu ya mahindi kwa mtu asiyemjua, gizani, kwa kuambiwa tu?"

"Hapana."

"Basi ana akili kuliko wewe. Na ukaguzi wa saini? Seva ilipaswa kuuliza plagini imetiwa saini na nani."

"Nilizima. Ilikuwa inaleta onyo kila asubuhi. Inasumbua."

"Inasumbua!" Karwirwa aliinama juu ya kibodi yake, akaingia kwenye mipangilio, akawasha ukaguzi mwenyewe kwa hasira. Kisha akafungua ThinkPad juu ya meza. "Nyamaza sasa, utazame kazi."

Alikuwa na mpango mwepesi. Risiti Fasta ikiamka, jambo la kwanza ni kuuliza ghala kama kuna toleo jipya. Likiwepo, inalivuta na kulivaa kabla ya kufanya lolote. Ghala lilikuwa la Murungi, na Murungi alikuwa pingu mkononi. Karwirwa alitengeneza toleo jipya lenye jibu moja tu: mwanamke, miaka sitini na minane, Kianjai, kitanda namba tatu. Akalipandisha ghalani.

Asilimia ishirini. Arobaini. Arobaini.

"Mtandao wenu una ugonjwa gani?"

"Watu wa ofisi wako kwa mpira mtandaoni. Marudio," Mwenda alisema kwa unyonge.

Sitini. Tisini. Mia.

Saa tatu na dakika arobaini na tisa. Alikuwa na kilomita zaidi ya ishirini mbele yake, na Bundi angeondoka Makutano dakika ile ile ujumbe ungemfikia. Ilibidi aende sasa. Na ilibidi amwache mtu mmoja hapa, aketi mbele ya seva saa nne ikipiga.

Alimtazama Mwenda. Mungu wangu, huyu.

"Hutaenda chai leo," alimwambia. "Kaa hapo. Usiguse kitu. Saa nne nipigie, uniambie unachokiona. Unaweza hilo?"

"Naweza, madam."

Hakumwamini hata kidogo.

* * *

Saa nne kamili, Subaru ikiwa kwenye mteremko, simu iliita. Murungi, amefungwa kiti cha nyuma, aliinua kichwa.

"Inazima," Mwenda alisema. "Imezima. Inawaka."

"Plagini?"

"Inaamka. Inauliza ghala. Imepata toleo jipya, inavuta... Madam."

"Nini?"

"Seva inalikataa."

Karwirwa alikaza usukani. "Linakataliwaje?"

"Saini haitambuliki. Wewe uliwasha ukaguzi, madam. Ile ya asubuhi iliingia ukaguzi ukiwa umezimwa, kwa hiyo iko sawa. Yako ndiyo imekamatwa. Inaniuliza niendelee au irudi kwa ya zamani. Inahesabu sekunde."

Ni yeye. Si Murungi, si Bundi, si huyu mpumbavu wa kidole gumba. Ni yeye, kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu alitaka kumfunza mtu adabu. Alimwona Ciakuthii kitandani Nkubu, mkono umenyooshwa, hawezi hata kugeuka.

"Sekunde ngapi?"

"Zilikuwa ishirini."

"Zima ukaguzi! Mwenda, zima, lazimisha, fanya..."

"Nilishazima, madam. Nimeshalazimisha. Toleo lako limeingia." Alipumua. "Nilikuwa nakueleza tu kilichotokea. Si ulisema nikuambie ninachokiona?"

Kule nyuma Murungi alicheka kidogo kwa pua. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Karwirwa alilipita lori moja, kisha lingine.

"Ahsante," alisema mwishowe.

Redio ilikwaruza. "Mwiba, V8 nyeusi ya Bundi imetoka Makutano. Inaelekea kwako, si Nkubu. Narudia, si Nkubu."

"Nimesikia."

* * *

Kliniki ya Kianjai ilinuka rangi mbichi. Watu wanne wa Njue walikuwa juu ya ngazi, ovaroli zimechafuka, brashi mkononi, wakipaka ukuta uliokwisha kupakwa mara tatu. Karwirwa alijifunga leso kichwani, akajilaza kitanda namba tatu, akajifunika blanketi hadi puani na kuugeukia ukuta.

Saa nne na dakika thelathini na mbili, nyayo zikasikika koridoni. Nzito. Hazina haraka.

Bundi aliingia peke yake. Alikuwa amebeba mfuko wa ndizi na chupa ya Lucozade, mgeni mwema anayemtembelea mgonjwa. Chini ya ndizi kulikuwa na bastola yenye kiziba sauti. Alisimama, akatazama umbo lile chini ya blanketi, akatafuna, akatema kipande cha miraa sakafuni.

"Mama," alisema kwa Kiswahili cha upole. "Geuka nikuone."

Karwirwa hakugeuka.

Mtu mwingine angefyatua risasi na kwenda zake. Lakini Bundi alikuwa amelelewa sokoni, akaambiwa tangu utotoni kwamba asiyeshika mzigo atauziwa majani ya mwituni. Alihamisha mfuko mkono wa kushoto, akainama, akashika blanketi na kulifunua.

Mdomo wa Glock ulikuwa chini ya kidevu chake kabla hajamaliza kuinama.

"Umeshika," Karwirwa alisema. "Umeridhika?"

Nje kulisikika ngazi zikianguka, kelele fupi, kisha sauti ya mpaka rangi mmoja akiwaambia watu wawili wa V8 walale kifudifudi.

Bundi aliangalia mlango, akaangalia bunduki. "Unajua mimi ni nani?"

"Mwanamume mwenye V8, amekuja kumuua bibi mgonjwa akiwa na ndizi mkononi. Nikuongeze cheo gani?"

"Tunaweza kuongea. Kila mtu anaongea."

"Ongea na ukuta. Angalia tu, una rangi mbichi."

Alimfunga pingu. Bundi, aliyepitisha bunduki za kutosha kuchoma wilaya nzima, alianza kulalamika kwamba pingu zinamwumiza. Nyoo! Karwirwa aliichukua Lucozade, akaifungua, akanywa nusu. Alikuwa na kiu kali.

"Embu, hapa Mwiba."

"Sema."

"Mzigo umeshikwa. Wote watatu, na fundi wao ninaye garini. Leta gari kubwa, huyu ana kitambi."

* * *

Alipopita Meru, baada ya kumkabidhi Murungi kwa watu wa Njue, alimkuta Mwenda bado ameketi mbele ya seva. Alikuwa ameondoa Risiti Fasta na sasa anaichambua orodha yote, plagini moja baada ya nyingine. Kikombe chake kilikuwa kikavu.

"Ingia garini," Karwirwa alimwambia.

Mwenda alisimama kama mtu anayekwenda rumande.

Walifika Nkubu saa sita kasoro robo. Ciakuthii alikuwa amelala karibu na dirisha, mdogo kuliko alivyokuwa akionekana amevaa koti. Damu yake ilikuwa inazunguka ndani ya mpira, inatoka, inaingia kwenye mashine, inarudi. Ilionekana wazi kabisa. Mwenda alisimama miguuni pa kitanda, akaitazama damu ile, na akashindwa kuondoa macho.

"Amepatikana, shosho," Karwirwa alisema. "Bundi."

"Amepigwa?"

"Hapana."

"Vizuri. Nataka anione mahakamani akiwa na macho yote mawili." Kisha akamwangalia Mwenda. "Na huyu ni daktari?"

"Si daktari," Karwirwa alisema. "Atakueleza mwenyewe."

Akageuka, akaanza kuondoka. Alifika mlangoni aliposikia sauti ya Mwenda, imepasuka katikati.

"Shosho, ni mimi niliyeacha mlango wazi. Wangekukuta hapa, hivi ulivyo. Mimi ndiye."

Mashine ikapiga mlio mdogo, ikaendelea.

"Wewe unachunga nini?" Ciakuthii aliuliza.

"Nachunga... majina ya wagonjwa, shosho. Elfu tisa na kitu."

"Elfu tisa!" Bibi alivuta pumzi. "Na umewaacha na nani?"

Mwenda alijifuta macho kwa mkono wa shati lake.

"Basi unanililia mimi ya nini? Rudi ukafunge boma, mwanangu. Fisi hakuwa mmoja."

Karwirwa alisikia nyayo za Mwenda zikija mbio koridoni nyuma yake. Hakumngoja. Alivaa miwani yake ya jua, akashuka ngazi taratibu, akawasha Subaru, na kuufungua mlango wa upande wa pili.